Anayengoja Mtoto, Je, Amekwisha Kuwa Mzazi?



Katika semina ya wanandoa tuliyofanya Ruiru hivi majuzi, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakirudisha viti. Yeye na mume wake wameomba kuasili mtoto. Wamekwisha kuonyeshwa mtoto, wamekwisha kumbeba na kumlaza, lakini kesi bado haijasikizwa. Akaniuliza: "Katekista, mtu anayengoja mtoto kwa karatasi, je, amekwisha kuwa mama? Ama bado ni mgeni tu anayemtembelea mtoto?" Mume wake alisimama kando akichezea funguo, lakini nilimwona amenyamaza ili asikie. Swali lilikuwa la wote wawili.

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi katika ukurasa huu, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la kumfariji tu. Tena swali hilo sikulisikia kwake mara ya kwanza. Nililisikia zaidi ya miaka kumi iliyopita kwa watu waliotoka mbali sana, na walichonifundisha ni jambo ambalo mimi, mwalimu wa dini, nilipaswa kulijua kabla yao.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 walihamia mtaani kwetu mume na mke kutoka Italia. Wamenikubalia kuandika habari zao mradi nisiwataje majina, wala jina la mtoto. Walikuwa wameoana miaka 9 bila kupata mtoto. Walipanga nyumba Ruiru kwa sababu iko katikati: ukipanda matatu ya 145 unafika Nairobi kwenye mahakama na maofisi, na ukipanda ya 237 unafika Thika, ambako mtoto alikuwa akilelewa katika makao ya watoto. Barabara kuu ilikuwa bado mpya, imefunguliwa rasmi Novemba 2012, na safari iliyokuwa ikitula nusu siku ilikuwa sasa ya dakika chache.

Yafaa nieleze sheria ilivyokuwa wakati ule, maana wengi hudhani mzungu alikuwa akifika uwanja wa ndege, akamchagua mtoto na kuondoka naye. Haikuwa hivyo. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, mtoto asiasiliwe kabla hajatimiza wiki 6. Lilitakiwa shirika lililoandikishwa litangaze kwamba mtoto huyo yuko huru kuasiliwa. Kama aliokotwa, polisi walipaswa kuthibitisha kwamba hakuna aliyejitokeza kumdai. Kisha wanaoomba walipaswa kukaa na mtoto humu humu nchini kwa muda usiopungua miezi 3 mfululizo kabla ya kupeleka ombi lao Mahakama Kuu, na mahakama nayo iliteua mtu wa kusimama upande wa mtoto na kuchunguza kama kwenda huko kunamfaa. Juu ya hayo kulikuwa na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ambao ulianza kutumika Kenya mwaka 2007. Mkataba huo unataka kwanza atafutiwe mtoto familia katika nchi yake mwenyewe, na ya nje ifikiriwe baadaye. Kwa hiyo katika vitabu ilikuwa miezi 3. Katika maisha ilikuwa nusu mwaka, mwaka, wakati mwingine zaidi.

Wageni wetu walikabidhiwa mtoto mwezi wa Februari, msichana aliyekuwa amepita mwaka mmoja kidogo. Aliachwa akiwa mchanga, na wazazi wake hawakujulikana. Basi wakaanza kungoja.

Nami niwaeleze walivyongoja mwanzoni, maana wengi wetu hungoja hivyo hivyo. Walijifungia. Nyumba ilikuwa na geti na ukuta, chakula walinunua kwenye supamaketi mara moja kwa wiki, na ukutani walikuwa na kalenda ambayo kila jioni mume aliikata siku kwa kalamu nyekundu. Walimpenda mtoto, hilo sina shaka nalo. Lakini nchi iliyokuwa nje ya geti waliiona kama foleni ndefu tu iliyosimama kati yao na nyumbani. Jumapili walikuja Misa, wakakaa kiti cha nyuma, na baraka ya mwisho ikiisha wakawa wameshafika mlangoni. Mke wangu aliwatembelea siku moja akarudi na kuniambia, "Baba, wale watu wanaishi kama walio kwenye stendi ya basi. Hata mifuko hawajaifungua."

Akawaalika kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Mume hakutaka. Mke alikuja peke yake na mtoto, na huo ukawa mwanzo.

Kwanza alikutana na mama mboga wetu, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa na kibanda kando ya njia. Huyo ndiye aliyemfundisha kumfunga mtoto mgongoni kwa leso asiteleze, na kuchemsha uji usiwe na madonge. Kisha mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Thika, akamchukua sokoni Madaraka siku za mnada wa nguo. Akajifunza kubishana bei. Akajifunza kwamba ukimpandisha mtoto kwenye matatu, mtu usiyemjua atamchukua kwa mapaja yake bila kukuuliza, na kwamba hilo si kunyang'anywa mtoto. Baada ya wiki chache akamvuta mume wake naye. Wakaenda kuona mito ya Chania na Thika inavyoanguka pale Blue Posts, hoteli iliyojengwa tangu 1908, na wakafika Fourteen Falls kwenye mto Athi, ambako vijana walimpigia mtoto picha ambazo mpaka leo wanazo.

Kutoka huko mlima Kilimambogo uko karibu sana. Mume alikuwa mtu wa kuuliza maswali, akataka kujua kwa nini ramani yake ina jina jingine. Mzee mmoja wa jumuiya akamweleza. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sapuk, mlima mkubwa, ndilo jina lililoingia kwenye ramani. Kilimambogo ni mlima wa nyati. Wakikuyu wa zamani waliuita Kianjahi na kuuhesabu kati ya milima ya Mungu, na Wakamba wanauita Kyanzavi. Nzavi ya Wakamba ndiyo njahi ya Wakikuyu, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe. "Mlima ni mmoja," akasema yule mzee, "kila jirani ameupa jina na wote wamesema kweli." Yule mgeni aliandika hayo kwenye kijitabu chake. Walikuwa na shida na jina la mtoto wakati huo: walikuwa wamemchagulia jina la Kiitaliano, na hawakujua kama alilopewa makaoni walifute. Hawakulifuta.

Njahi hizo zilirudi kwetu kwa njia nyingine. Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba mama Mkikuyu akijifungua hupikiwa njahi na uji apate nguvu na maziwa, na wanawake wa mtaa huja kumwona na zawadi zao, tunaziita matega. Mwezi wa Aprili akina mama wa jumuiya walibishana kama matega yapelekwe kwa yule Mwitaliano. Wengine walisema haiwezekani, hajazaa, njahi atazila kwa ajili gani? Tena sheria haijasema mtoto ni wake. Mama mboga ndiye aliyemaliza maneno. "Sisi hatulipigii tumbo vigelegele," alisema. "Twampigia mtoto. Na huyu mtoto alipozaliwa hakuna aliyempigia." Wakaenda. Wakapiga vigelegele 3, kama ilivyo desturi kwa msichana, mvulana akipigiwa 5. Mtoto mwenyewe alikuwa anatembea tayari, akakimbilia chini ya meza kwa kuogopa kelele. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita yule mke Mama Fulani, kwa jina la mtoto, miezi mingi kabla ya hakimu.

Yule mzee wa Kilimambogo naye hakutaka kuachwa nyuma. Akamweleza mume kwamba Wakikuyu walikuwa na namna yao ya kuasili. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kuingizwa katika ukoo kwa sherehe ya kiapo, akaitwa mũciarwa, yaani aliyezaliwa, na baada ya hapo kulikuwa na wajibu pande zote mbili: ukoo kwake na yeye kwa ukoo. Jomo Kenyatta ameandika habari za watu hao katika kitabu chake cha mwaka 1938. "Sasa wewe," mzee akamwambia Mwitaliano, "unafikiri umekuja kumzaa mtoto wetu. Kwa desturi zetu mgeni ndiye huzaliwa. Mbuzi wako yuko wapi?" Watu walicheka, lakini mume alikwenda akanunua mbuzi. Mimi kama katekista nilichunguza kama kutakuwa na matambiko. Hakukuwa na kitu ila nyama.

Wapendwa, msifikiri kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mazuri tu. Ndoa hupimwa sana katika kungoja kuliko hata katika umaskini, maana maskini wawili hufanya kazi pamoja, lakini wangojao wawili hawana kazi ya kushikana. Mwezi wa Juni likizo ya mume ilikwisha akalazimika kurudi kazini kwao. Mke akabaki na mtoto. Ofisi moja ambayo sitaitaja ilipoteza barua ikabidi iandikwe upya. Kisha mahakama ikaingia likizo yake ya kila mwaka, ambayo huanza Agosti mosi na kwisha katikati ya Septemba. Kila jioni mume alipiga simu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Barua imefika?" Mke alitaka kumwambia kwamba mtoto ameota jino, au amekataa kulala. Yeye aliona mume anamwuliza habari za faili na hamwulizi habari za mtoto. Mume naye aliona mke amesahau kwamba yuko huko peke yake akilipia yote. Wakafika mahali pa kukatiana simu.

Mke wangu ndiye aliyewapa dawa, nami nawapa ninyi bure. Aliwaambia wasizungumze habari za faili mpaka kwanza kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja la siku hiyo: yeye la mtoto, mume la nyumbani kule. Faili liwe la mwisho. Nilidhani ni jambo dogo mno. Lakini nimeona wanandoa wengi wakiachana mioyo kwa mambo madogo kuliko hilo, hasa siku hizi ambapo mmoja yuko Ruiru na mwingine yuko Doha au Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, wakati huo mahakama imefungwa. Mtoto alikuwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Asubuhi moja walipofika kibandani, alimnyoshea mama mboga mikono akamwita "Shosho!" Mama mboga akafurahi mno, akampa ndizi. Lakini yule mke aligeuka rangi. Alimaliza kununua, akaja nyumbani kwetu, akakaa jikoni na mke wangu waliyekuwa wakipukuchua naye maharagwe, na akalia.

Akamwambia hivi. Tangu Februari alikuwa na sala moja ambayo hakumwambia hata mume wake. Kila usiku alimwomba Mungu asijitokeze mtu. Asitokee mama, asitokee shangazi, asitokee nyanya kutoka kijiji chochote akisema, huyu ni wetu. Karatasi zilisema mtoto yuko huru, lakini moyoni aliona kwamba mpaka hakimu atamke, mlango haujafungwa kabisa. Alipokuwa akikaa ndani ya geti, sala hiyo haikumsumbua. Mtu aliyemwomba Mungu amzuie hakuwa na uso. Lakini sasa alikuwa amewaona akina nyanya wa Thika sokoni na wajukuu mgongoni, amepanda nao matatu, amekula njahi zao. Mtoto aliposema "Shosho", akaona uso wa yule aliyekuwa akimwombea asije. Akamwuliza mke wangu: "Nimekuwa nikisali kwamba mtoto wangu asipendwe na mtu mwingine yeyote duniani. Mama gani husali hivyo?"

Mke wangu hakumjibu. Aliniambia baadaye kwamba aliendelea kupukuchua maharagwe kwa sababu hakuwa na la kusema.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Twamkumbuka Mfalme Sulemani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto mmoja. Mama alijulikana kwa nini? Hakujulikana kwa damu, maana damu hakuna aliyeweza kuipima siku zile. Hakujulikana kwa kushika kwa nguvu. Yule mwingine alishika sawasawa. Alijulikana pale alipokuwa tayari kumwachilia mtoto ili mtoto apone. Naona kwamba kuna wazazi waliozaa ambao hawajafika hapo bado, na kuna wasiozaa waliofika.

Yule mke aliibadilisha sala yake. Alimwambia mume kwa simu, wakanyamaza muda mrefu, kisha wakakubaliana kuisali pamoja, kila mtu mahali pake: kwamba kama kuna mtu wa mtoto huyu anayemtafuta, apate njia. Si jambo rahisi. Alisema usiku wa kwanza maneno hayakutoka. Tena wakamwambia wakili wao aulize mara moja zaidi kama kuna habari yoyote mpya kutoka mahali mtoto alipookotwa. Wakili alishangaa, maana wateja wake wengine walimwomba aharakishe. Akauliza. Hakukuwa na habari.

Kwa hiyo nikimjibu yule mama wa semina: sheria itakufanya mzazi siku ile hakimu atakapotia sahihi, na usiidharau siku hiyo, kwa sababu mtoto anahitaji haki ambayo mdomo wa jirani hauwezi kumpa, ya urithi, ya jina, ya kutofukuzwa. Hata sheria ya Kanisa humhesabu mtoto aliyeasiliwa kwa sheria kuwa mtoto wa waliomwasili. Jirani nao watakuita Mama kabla ya hapo, na usiwakatae. Lakini kuna siku ya tatu, na hiyo hakuna atakayekutangazia. Ni siku utakapoona kwamba miezi ile unayoilalamikia haikuwekwa kwa ajili ya kukutesa. Ni mali ya mtoto. Imewekwa ili kama kuna mtu wake anayelia mahali, apate nafasi ya kufika. Ukiweza kumtakia mtu huyo njia njema, umekuwa mama, hata kama hatimaye mtoto ataondoka mikononi mwako.

Najua kuna msomaji anayesema, haya ni maneno mazuri ya kuwapamba wazungu, lakini je, ilikuwa haki mtoto wa Kenya apelekwe Italia? Swali hilo ni la haki kabisa, tena serikali yenyewe iliuliza. Amri yao ilitolewa Oktoba 2014, wakaondoka mwanzoni mwa Novemba. Mwishoni mwa Novemba hiyo hiyo Baraza la Mawaziri likasimamisha uasili wa watoto wetu na wageni, kwa sababu ya hofu ya biashara ya watoto, na mwaka 2019 likatoa marufuku tena. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, ambayo imeutambua pia uasili wa jamaa kwa jamaa. Mimi siwezi kusema kwamba hofu ile haikuwa na sababu. Mahali penye pesa ya kigeni na mtoto asiye na mtetezi, shetani hupata kazi.

Lakini nawasihi tuangalie upande mwingine wa haki hiyo. Mkataba unasema nchi ya mtoto itafute kwanza familia yake yenyewe. Nchi ya mtoto ni nani? Ni mimi na wewe. Makao yale ya Thika yako umbali wa kilomita 20 hivi kutoka parokiani kwetu. Tulikuwa tukipeleka unga na sabuni kila Kwaresima, tukapiga picha na watoto, tukarudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kuna mtoto anayehitaji nyumba.

Hapa sina budi kusema habari zangu. Mwaka huo mimi na mke wangu tulikuwa na miaka 7 ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Usiku ule baada ya maharagwe, mke wangu aliniuliza taratibu: "Wale wametoka Italia kuja kumngojea mtoto wa Thika. Sisi twangoja nini?" Nami nikasema neno ambalo nimekwisha kulitubu kwa padri na kwake: kwamba siwezi kulea damu nisiyoijua. Mimi, niliyefundisha watoto wa Komunyo kila Jumamosi habari za Mtakatifu Yosefu.

Mke wangu hakugombana. Baba yake alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru. Akanikumbusha kahawa yetu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili magonjwa. Mbegu yake hupatikana kwa kuchanganya aina mbili, na ile iliyo mama, Catimor, ililetwa kutoka Kolombia. "Unaiita ya Ruiru," akasema. "Hata siku moja sijakusikia ukiuliza damu yake." Kisha akazima taa.

Ilinichukua mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2016 tulikwenda Thika, safari hii bila unga. Tukangoja kama wote wangojavyo, ingawa sisi tulikuwa kwetu. Nikagundua kwamba hata Mthika anaweza kuwa mgeni Thika, maana mtaa alikotoka mvulana wetu sikuwa nimewahi kukanyaga, nami nimepita barabarani juu yake maelfu ya mara. Tulikwenda tukatembea huko na kunywa chai katika hoteli zao, ili siku atakapouliza nisimwambie sijui.

Wale wa Italia hawakukata kamba. Mtoto wao ana pasi mbili. Katiba yetu ya 2010 humhesabu raia wa kuzaliwa yule mtoto mdogo aliyeokotwa Kenya ambaye wazazi wake hawajulikani, na raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Walirudi mwaka 2022, msichana akiwa mrefu na hajui Kiswahili ila salamu na neno "shosho". Mama mboga alikuwa amezeeka, kibanda amemwachia mkwe wake. Walikaa naye alasiri nzima bila mkalimani. Msichana alitaka kupanda Kilimambogo, wakampeleka, akarudi na viatu vyekundu kwa udongo, na mama yake akakataa visisafishwe mpaka wafike kwao.

Kwetu lililobaki lilikuwa baba yangu. Kwa desturi zetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, na baba yangu alikuwa amesema wazi kwamba jina lake asipewe mtoto wa mahakama. Sikubishana naye. Amri ilipotoka mwaka 2017 tulimwandikisha mtoto kwa jina la Yosefu na jina alilokuja nalo. Akina mama walileta matega na kupiga vigelegele 5, mzee hakuja. Alikuja miezi minane baadaye, siku ya kawaida tu, ameegemea fimbo, akasema ana haja ya kuona jinsi tulivyoezeka jiko. Mtoto alikuwa mlangoni anacheza na kifuniko cha sufuria. Mzee akamtazama kwa muda. Kisha akamwita kwa jina lake yeye mwenyewe, mara mbili, mtoto akaitika, na mzee akauliza kama kuna chai.